Alovera: ute ni wa kupaka, ule utomvu wa njano uache utoke

Jani la alovera lina vitu viwili ndani yake ambavyo havifanani hata kidogo, na karibu shida zote ninazoona watu wanapata na huu mmea zinatokana na kuvichanganya. Kama unao hapo nje nenda ukate jani moja uangalie. Cha kwanza kutoka kwenye mkato ni majimaji ya njano, yana harufu kali kidogo na ukigusisha ulimi utatema mate mpaka jioni. Hayo yanakaa kwenye vijimrija vidogo chini kidogo ya ganda la kijani. Ukishamenya ganda ndo unakutana na ile nyama ya katikati, inang'aa, inateleza, haina rangi na haina ladha ya maana, na karibu yote ni maji tu, asilimia 98 mpaka 99, halafu hicho kidogo kilichobaki ni sukari za minyororo mirefu (inayotajwa sana inaitwa asemanani) na vitamini na madini kidogo kidogo. Ile ya njano nitaiita utomvu, na ile nyama nitaiita ute, tuelewane mpaka mwisho.

Nafanya kazi famasi hapa Moshi, na kwenye magrupu ya WhatsApp kuna ujumbe unazunguka kila baada ya muda, unabadilika maneno lakini kiini kile kile: chukua majani ya alovera, osha, katakata na maganda yake, weka kwenye blenda na asali na limao, kunywa glasi asubuhi kabla hujala, inasafisha damu, inatoa sumu, inaondoa kitambi, inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, UTI, nguvu za kiume na mengine mpaka unachoka kusoma. Watu wanakuja dirishani kuniuliza, na wengine hawaji kuuliza, wanakuja wakiwa wameshakunywa na tumbo linawasokota. Kwa hiyo nimeona niandike yote sehemu moja, kwa kirefu, maana pale dirishani foleni inakuwa ndefu na huwezi kumweleza mtu akaelewa kwa dakika mbili.

Tuanze na utomvu, kwa sababu huo ndo wenye nguvu kweli na hakuna anayekudanganya akisema alovera "inafanya kazi" tumboni. Inafanya. Ndani ya utomvu kuna kitu kinaitwa aloini, na aloini ukiimeza inapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufanya lolote la maana, inafika kwenye utumbo mpana, kule bakteria wanaoishi humo wanaivunja inakuwa kitu kingine kikali, na hicho ndo kinausumbua ukuta wa utumbo mpaka unajikaza kwa nguvu na unaacha kufyonza maji kama kawaida. Ndo maana ukinywa usiku unaharisha asubuhi, inachukua kama saa 6 mpaka 12. Ni dawa ya kuharisha, na imetumika hivyo kwa miaka mingi mno, Misri ya kale, Ugiriki, Uarabuni, na huku kwetu pwani shubiri kavu, ile nyeusi inayong'aa kama kioo, ni huo huo utomvu uliokaushwa.

Sasa mtu akinywa ile juisi ya jani zima akaenda chooni mara nne kwa siku anasema imemsafisha, sumu zimetoka. Hapana jamani. Kilichotoka ni maji ya mwili wako na chumvi zako, hasa potasiamu, na potasiamu ndo inayosaidia misuli na moyo kupiga vizuri. Kijana mwenye afya akinywa mara moja atachoka tu na kesho ataamka. Lakini mzee anayetumia dawa za presha zile za kukojosha, ambazo zenyewe tayari zinapunguza potasiamu, akiongezea na hii kila asubuhi anajiweka pabaya sana, na kama yuko kwenye digoksini ya moyo ndo hatari zaidi kwa sababu potasiamu ikishuka ile digoksini inageuka sumu. Hawa ndo wanaonitia wasiwasi kuliko wote, maana ndo hao hao wanaotumiwa zile meseji na watoto wao wenye nia nzuri kabisa.

Na sumu kwenye mwili inatolewa na ini na figo, kila siku, bila kulipwa. Ini lenyewe limewahi kuumizwa na alovera ya kunywa: kuna visa vimeandikwa na madaktari nchi mbalimbali vya watu waliopata homa ya ini baada ya kunywa bidhaa za alovera kwa muda, wakaacha, ini likarudi sawa. Sio wengi, lakini wapo, kwa hiyo ukiwa unakunywa halafu ukaona macho yanakuwa ya njano au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, acha siku hiyo hiyo na nenda kapime.

Marekani zamani dawa za kuharisha za alovera ziliuzwa madukani bila cheti cha daktari, mwaka 2002 mamlaka yao ya dawa, FDA, ikaziondoa kwa sababu watengenezaji waliambiwa walete ushahidi kwamba ni salama na hawakuleta. Baadae wakafanya utafiti wa panya wakubwa, wakawawekea dondoo ya jani zima lisilochujwa kwenye maji ya kunywa kwa miaka miwili, na ripoti ikatoka 2013 kwamba wale panya walipata uvimbe kwenye utumbo mpana, wengine saratani kabisa. Panya sio mtu, hilo nalisema wazi, na dozi haikuwa ndogo, lakini kwa sababu hiyo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, likaweka dondoo ya jani zima la alovera kwenye kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Angalia wamesema jani zima. Ule ute uliomenywa na kuoshwa haumo humo. Viwanda vinavyojiheshimu vinachuja juisi kwa mkaa maalumu mpaka aloini inabaki chini ya sehemu 10 kwa milioni, hicho ndo kiwango ambacho chama chao cha kimataifa kimejiwekea kwa bidhaa za kunywa. Blenda yako ya nyumbani haina huo mkaa.

Nadhani kinachotuponza ni uchungu. Sisi tumekua tukijua kitu kikiwa kichungu ndo dawa, muarobaini mchungu, kwinini chungu, klorokwini ilikuwa chungu mpaka masikio yanalia, kwa hiyo mtu akionja alovera ikawa chungu kama shubiri (na ni shubiri kweli) anaamini moja kwa moja inatibu malaria. Uchungu wa kwinini na uchungu wa aloini ni vitu viwili tofauti kabisa kikemia, kimoja kinaua vimelea vya malaria kwenye damu na kingine kinakuharisha. Mtoto mwenye homa anahitaji kupimwa na akikutwa na malaria apewe dawa ya mseto, sio kupewa kijiko cha kitu kitakachomharisha wakati tayari anapungukiwa maji kwa homa. Hili silisemi kwa upole kwa sababu watoto chini ya miaka mitano ndo wanaokufa zaidi kwa malaria na kila siku inayopotea ina maana.

Vidonda vya tumbo nalo ni swali la kila siku. Vidonda vingi vinasababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu, hizi diklofenaki na ibuprofeni na aspirini watu wanazomeza kama karanga. Kama ni bakteria, tiba yake ni antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, kwa kawaida siku 14, unamaliza dozi na unapima tena kuhakikisha ameondoka. Ute mtupu wa alovera unaweza kukupa nafuu ya kuungua kifuani, kuna majaribio madogo yanayoonyesha hivyo kwa watu wenye kiungulia, sibishi. Lakini nafuu sio kupona, na huyo bakteria akiachwa miaka na miaka anaongeza hatari ya saratani ya tumbo. Ndo maana mtu akiniambia "mi natumia alovera mwaka wa tatu sasa kwa ajili ya vidonda" moyo unaniuma, maana miaka mitatu ni muda mrefu wa kutopima.

Sukari, hapa lazima niwe mkweli maana kuna kitu. Kuna tafiti ndogo ndogo zilizoonyesha alovera ya kumeza inashusha sukari ya asubuhi kidogo, hasa kwa watu ambao wako mpakani, bado hawajawa wagonjwa kamili. Tatizo ni kwamba kila utafiti ulitumia kitu chake, hawa unga, hawa juisi, hawa vidonge, na jani la nyumbani kwako leo sio sawa na jani la kesho, kwa hiyo dozi hakuna. Na kama kweli inashusha, basi ukiwa unatumia insulini au glibenklamidi au hata metformini juu yake, sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho jingi, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Ukitaka kujaribu mwambie daktari wako wa kliniki ya sukari kwanza, upime mara kwa mara, na dawa usiache. Wanaoacha dawa kwa ajili ya glasi ya kijani wanarudi na vidonda vya miguu, nimeviona, sitavielezea.

Wajawazito wasinywe kabisa. Utomvu unausisimua mji wa uzazi ubane, na kuna wanaoutumia makusudi kushusha hedhi au kutoa mimba, wakapoteza maji na damu wakiwa peke yao chumbani wanaogopa kumwambia mtu. Kama ni wewe au mdogo wako, nenda hospitali, waambie ukweli umekunywa nini, wale wauguzi wameona mengi kuliko unavyofikiri.

Na kuna shubiri ya kuachisha ziwa. Bibi zetu wote wamefanya, mtoto anapakiwa shubiri kwenye titi akionja analia anaacha, na sitamlaumu mama yeyote aliyefanya hivyo kwa sababu alifundishwa na watu wanaompenda. Ila mtoto anameza kidogo, na hicho kidogo kwa tumbo la mtoto kinaweza kumletea kuhara, tena wakati huo huo anapoteza maziwa yaliyokuwa yanamlinda. Ushauri wa WHO ni kunyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi, na ukitaka kuacha, punguza mara za kunyonyesha moja moja kwa wiki kadhaa, anza na ya mchana, ya usiku iwe ya mwisho. Inachosha, najua, lakini mtoto haumwi.

Haya, sasa tuje kwenye ute, na hapa ndo napenda mmea huu kutoka moyoni.

Moto. Nyumba zetu zimejaa vitu vya kuunguza, chai, uji, mafuta ya maandazi, jiko la mkaa chini sakafuni mtoto anatambaa. Na mtu akiungua kila jirani anakuja na lake, dawa ya meno, yai bichi, unga wa ngano, chumvi, mafuta ya kupikia, vyote hivyo vinafungia joto ndani ya ngozi au vinaleta uchafu, na kule hospitali muuguzi inabidi aanze kukwangua huku mtoto anapiga kelele. Kitu cha kwanza ni maji. Maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, au unamimina na kikombe kutoka kwenye ndoo kama bomba halitoki, dakika 20 nzima, sio dakika mbili, na sio barafu. Vua pete, vua nguo iliyolowa maji moto kama haijaganda kwenye ngozi. Hiyo dakika 20 ndo tiba kubwa kuliko yote na haina gharama.

Baada ya hapo, kama ni muunguo mdogo, ngozi ni nyekundu na inauma ila haijachanika, ute wa alovera uliooshwa vizuri ni mzuri sana. Unapooza, unaweka unyevu, na kuna uchambuzi ulichapishwa mwaka 2007 uliokusanya tafiti 4 zenye wagonjwa 371, ukakuta kwa miunguo ya daraja la kwanza na la pili waliopakwa alovera walipona karibu siku 9 mapema kuliko wengine. Waandishi wenyewe walisema tafiti hazikuwa na ubora wa kutosha kusema neno la mwisho, na uchambuzi mwingine wa Cochrane (mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba) wa 2012 kuhusu vidonda kwa ujumla ulisema ushahidi bado ni mchache. Lakini kwa muunguo mdogo wa jikoni, kitu kinachopooza, kisichodhuru na kipo kwenye kopo nje ya mlango, mimi natumia na nawaambia watu watumie. Malengelenge usipasue. Na kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri, kwenye kiungo, au ni kubwa kuliko kiganja cha huyo aliyeungua, au ni mtoto mchanga, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haiumi (hiyo isiyouma ndo mbaya zaidi, maana mishipa ya fahamu imekufa), acha alovera, funika na kitambaa safi, kimbia hospitali.

Kidonda kilicho wazi ni habari nyingine kabisa, hili watu hawalijui na nalirudia kila nikipata nafasi. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa wanawake waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, wa kujifungua au wa magonjwa ya kike, ambao vidonda vyao vilifunguka vikaachwa vipone vyenyewe kutoka chini. Waliopata huduma ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53. Waliopakwa jeli ya alovera siku 83. Mwezi mzima zaidi! Kwa hiyo mama aliyejifungua kwa oparesheni, mshono ukiwa unatoa maji au umefunguka, tafadhali msimsikilize shangazi anayekuja na jani, hata kama ni kwa mapenzi, rudini alikofanyiwa wakauone. Mshono ukishafunga kabisa na kovu limekauka, hapo ute hauna shida, ngozi inalainika na muwasho unapungua.

Kwenye ngozi ya kawaida ute ni wa kusaidia vitu vidogo: muwasho wa baada ya kunyoa ndevu, ngozi iliyokauka kipindi cha upepo wa Julai, kung'atwa na mbu. Mba, kuna utafiti wa 1999 ulioonyesha alovera ilipunguza magamba na muwasho kwa watu wenye ule mba wa ngozi ya mafuta kuliko krimu isiyo na dawa ndani. Soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, majibu yanapingana, utafiti mmoja wa 1996 ulileta matokeo makubwa mno, mwingine wa baadae haukuona faida. Chunusi, pekee yake haitoshi. Nywele, dada zangu, ute unalainisha na unafanya nywele zichanike vizuri kwa sababu unashika maji, ila kusema unaotesha nywele pale zilipokatika pembeni kwa sababu ya kusuka kwa kukaza, hapana, pale dawa ni kuacha kukaza, na uwahi.

Walio kwenye mionzi ya saratani nao wanaambiwa wapake. Historia yake ni ya kweli, mwaka 1935 huko Marekani madaktari waliandika kisa cha mgonjwa aliyeunguzwa na eksirei ngozi ikapona kwa majani mabichi ya alovera, na kutoka hapo ndo dunia ya kisasa ikaanza kuifuatilia. Ila majaribio makubwa ya miaka ya karibuni hayakuonyesha kwamba inazuia ngozi kuungua na mionzi, kwa hiyo paka tu kile ulichoelekezwa na timu yako, na kabla ya kuingia kwenye mashine ngozi iwe safi.

Jua. Naomba msome hapa taratibu. Ute unapooza ngozi iliyokwisha kuungua na jua lakini haukingi jua hata chembe, na bado naona mahali pengi wanaambiwa watu wenye ualbino wapake alovera kabla ya kutoka. Hilo linaua. Ngozi isiyo na rangi ya kujilinda inajeruhiwa kila siku bila maumivu makubwa, kidonda kidogo kwenye sikio au mdomo ambacho hakiponi kinakuja kuwa saratani mtu akiwa bado kijana, na nimesikitika mara nyingi kumwona mtu anakuja amechelewa akiwa amepaka majani miezi mingi. Kinachokinga ni kofia pana, mikono mirefu, kukwepa jua la saa nne mpaka saa kumi, na losheni ya kukinga jua inayopakwa tena na tena. Hapa hapa Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC inatengenezwa losheni inaitwa Kilisun, imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino hapa nchini na inagawiwa kupitia kliniki. Ulizieni. Na kidonda chochote usoni kisichopona ndani ya mwezi kionwe na daktari wa ngozi, usikisubiri.

Kitu kingine, sio kila alovera ni alovera. Ile yenyewe, Aloe vera, asili yake wanasayansi wanaiweka rasi ya Arabuni, milima ya upande wa Oman, ikasambazwa na biashara mpaka kila mahali. Maua yake ni ya njano na majani ni ya kijani cha kijivujivu. Huku kwetu porini tuna ndugu zake wengi, Aloe secundiflora na Aloe lateritia na wengine, mingi ina maua mekundu au ya rangi ya chungwa, na makabila yanaijua vizuri, Wakamba wanaita kiluma, Waluo ogaka, Wamasai osuguroi na mizizi yake wanachachushia pombe ya asali. Wafugaji wa kuku wanaweka majani yake kwenye maji kuku wakipata kideri. (Kwa kideri chanja bwana, ile I-2 ni tone moja jichoni na inarudiwa kila miezi mitatu, majani hayatakuokolea banda.) Sasa kati ya hao ndugu wa porini kuna wenye sumu kweli kweli. Aloe ballyi, unaopatikana upande wa Taita na kaskazini mashariki mwa Tanzania, una sumu ya jamii moja na ile ya mmea wa hemloki iliyomuua Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na Aloe ruspoliana wa kaskazini mwa Kenya na Ethiopia ni hivyo hivyo. Kwa hiyo usichimbe kitu porini ukaja kukisaga kwa sababu kina miiba na majani manene. Na wengine wanaleta mkonge mchanga wanadhani ni alovera, utomvu wa mkonge unawasha ngozi vibaya.

Hata bila sumu, ya porini iacheni. Kenya ilishafika mahali Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wake mwaka 1986 kwa sababu huko Laikipia na Baringo na Samburu watu walikuwa wanakamua utomvu kwa ajili ya kuuza nje mpaka mimea inaisha, na 2007 zikaja kanuni za kuvuna kwa leseni. Kimataifa pia aloe zote ziko kwenye mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, isipokuwa hii Aloe vera ya kupandwa. Panda yako.

Jinsi ninavyoandaa: nakata jani la nje kabisa, lililonona, karibu na shina. Nalisimamisha kwenye kikombe, mkato ukiangalia chini, angalau robo saa, nusu saa ni bora, ule wa njano unachuruzika wenyewe. Naosha. Natoa miiba ya pembeni, namenya ganda la juu na la chini kwa kisu kikali, na nikiona rangi ya njano au kijani kwenye nyama nakata zaidi. Naosha ute tena kwenye maji safi mpaka hautoi harufu. Kabla ya kupaka mahali pakubwa jaribu kidogo ndani ya mkono, subiri mpaka kesho, maana kuna watu ngozi zao hazipatani nayo, wanatoka vipele. Ukibaki weka kwenye friji ndani ya kopo lenye kifuniko, siku chache tu, ukibadilika rangi ukawa wa waridi au kahawia tupa. Mimi nagandisha kwenye vile vibati vya barafu, kwa ajili ya kung'atwa na mbu na ngozi iliyokwisha kuungua na jua, sio kwa ajili ya muunguo wa moto.

Za dukani, geuza chupa usome nyuma. Jina litakuwa Aloe barbadensis, likiwa la kwanza au la pili ni sawa, likiwa la mwisho baada ya manukato na rangi basi umenunua maji yenye picha ya alovera. Jeli ya kijani kibichi imepakwa rangi, ute wa kweli hauna rangi. Yenye pombe au mentho usiweke kwenye ngozi iliyoungua. Na anayekuuzia juisi kwa bei ya kilo kadhaa za nyama huku anakuambia inatibu kansa na UKIMWI, muulize namba ya usajili ya TMDA (mamlaka ya dawa ya Tanzania) au ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, baraza lipo kwa sheria ya mwaka 2002 na kazi yake ni hiyo. Anayetumia ARV asiache hata dozi moja kwa ajili ya chupa.

Kupanda ni rahisi mno, chukua kichipukizi chenye mizizi pembeni ya mmea mkubwa wa jirani, kiache kivulini siku mbili tatu kikauke pale ulipokikata, halafu kipande kwenye kopo lililotobolewa chini, udongo uliochanganywa na mchanga. Maji mara moja kwa wiki, kipindi cha masika usimwagilie kabisa, mizizi inaoza haraka. Usikate jani mwaka wa kwanza, mmea ukiwa mdogo ute ni kidogo na unaurudisha nyuma. Mimi nimeweka wangu karibu na mlango wa jiko, na nimegawa vichipukizi kwa majirani, kila mmoja nampa na maelezo yale yale: dakika 20 za maji kwanza, halafu huu.